Kiziwi wa sikio moja: uziwi kwa mbwa weupe na wajibu wa anayezalisha

Mfugaji wa Tengeru (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Swali la mbwa weupe na uziwi limekuwa likirudi humu mara kwa mara, na kila likirudi hujibiwa nusunusu. Wapo wanaosema ni imani ya mitaani isiyo na ukweli wowote, na wapo wanaosema mbwa mweupe hafai kufugwa kwa kuwa lazima atakuwa kiziwi. Kauli zote mbili zimepotoka, na kila moja ina madhara yake: ya kwanza inamfanya mzalishaji apandishe mbwa ambao hajawapima, na ya pili inamfanya mnunuzi amkatae mbwa asiye na kasoro yoyote. Mimi hufuga na kuzalisha mbwa, na jambo hili nimelifuatilia kwa muda mrefu. Naomba nilieleze kwa kirefu, kisha tulijadili.

Manyoya meupe peke yake hayamfanyi mbwa kuwa kiziwi. Kinachosababisha uziwi ni kukosekana kwa seli za rangi, yaani melanosaiti, ndani ya sikio. Mimba inapokuwa changa, seli hizi huanzia mgongoni, kandokando ya mahali uti wa mgongo unapojengeka, kisha husambaa kuelekea ngozini, machoni na katika sikio la ndani. Kwa mbwa mwenye jeni za mabaka meupe, seli hizo huwa chache au hazifiki mwisho wa safari, na ndiyo maana weupe huonekana kwanza kwenye sehemu zilizo mbali na mgongo, kama vile kifuani, kwenye nyayo, kwenye ncha ya mkia na katikati ya uso. Weupe ukizidi hadi kutawala kichwa kizima, uwezekano wa seli hizo kukosekana sikioni nao unazidi.

Wengi huuliza rangi ina kazi gani mahali pasipoonekana. Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio iliyojikunja mithili ya konokono, kuna utando wenye mishipa midogo ya damu unaosukuma potasiamu kwenye maji yanayozizunguka seli za kusikia. Kwa kufanya hivyo, utando huo hujenga nguvu ndogo ya umeme, na bila nguvu hiyo seli za kusikia haziwezi kufanya kazi, kama tochi isiyo na betri. Melanosaiti ni sehemu ya utando huo. Zikikosekana, utando unasinyaa, na seli za kusikia zinakufa zisiote tena. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Mtoto wa mbwa huzaliwa matundu ya masikio yakiwa yamefungwa, nayo hufunguka akiwa na umri wa wiki 2 hivi. Uharibifu ninaoueleza hutokea katika wiki hizo hizo za mwanzo, na hadi kufikia wiki ya 4 huwa umekamilika. Kwa nje huoni chochote, kwa kuwa sikio limesimama au limelala kama la ndugu zake, halitoi usaha wala halimuumi, na mtoto anacheza na kunyonya kama wenzake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Kila sikio huathirika peke yake. Katika uzao mmoja unaweza kupata watoto wanaosikia kwa masikio yote mawili, wengine wasiosikia kabisa, na wengine wanaosikia kwa sikio moja tu. Mbwa aliyechunguzwa kuliko wengine wote katika suala hili ni Dalmatian, yule mweupe mwenye madoa meusi au ya kahawia. Kwa takwimu zilizokusanywa Marekani na George Strain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kwa miaka mingi na kwa maelfu ya mbwa, takriban 8 kati ya kila Dalmatian 100 walikuwa viziwi wa masikio yote mawili, na takriban 22 walikuwa viziwi wa sikio moja. Tafakarini uwiano huo: kwa kila kiziwi anayejulikana kuwa kiziwi, kuna karibu watatu ambao hakuna aliyewatambua, kwa sababu wanaitika wakiitwa.

Mbwa wa namna hiyo, ukiwa na jicho la makini, utamwona akiitwa kutoka jikoni anainuka haraka, lakini anageukia ukutani kwanza, anazungusha kichwa, kisha ndipo anakuona. Anasikia vizuri, ila hajui sauti inatoka wapi, kwa sababu ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili. Akiwa amelalia sikio lake zima, unaweza kufungua geti na kuingiza gari asiinue kichwa. Mwenye nyumba atasema mbwa huyu ni mvivu, au ni mkaidi. Mbwa ataishi maisha yake vizuri, nami sina neno na hilo. Tatizo linaanza anapopandishwa. Kiziwi wa sikio moja amebeba jeni zile zile za kiziwi wa masikio yote mawili, na akitumiwa kama mzazi, hatari ya kupata watoto viziwi katika uzao huongezeka karibu maradufu ikilinganishwa na wazazi wanaosikia kwa masikio yote. Kiziwi kamili hapandishwi na mtu mwenye akili timamu. Huyu wa sikio moja anapandishwa kila msimu, na mwenye mbwa anaapa kwa dhati kabisa kwamba hajawahi kuwa na kiziwi nyumbani kwake.

Kipimo cha kumtambua kipo, nacho huitwa BAER. Mtoto wa mbwa akishatimiza wiki 5 au 6 anapakatwa, anachomekwa sindano nyembamba sana chini ya ngozi ya kichwa, kwa kawaida tatu, kisha kifaa kidogo kinawekwa kwenye sikio moja na kutoa milio mifupi inayofuatana kwa kasi. Kompyuta inasoma umeme unaopita kutoka sikioni hadi kwenye shina la ubongo, na yote yanayotafutwa hutokea ndani ya sehemu 10 za sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000. Sikio linalosikia huchora mawimbi yanayopanda na kushuka. Sikio lililokufa huchora mstari ulionyooka. Kisha wanahamia sikio la pili. Kwa mtoto aliyeshiba na kusinzia, kazi yote ni ya dakika chache, na mara nyingi haihitaji dawa ya usingizi. Kipimo kikifanywa mara moja katika umri huo, jibu lake kuhusu uziwi huu wa kuzaliwa ni la kudumu.

Vilevile kuna makosa yanayofanywa na wale wanaoandika sifa za mbwa bora, nayo yananisikitisha zaidi kuliko uzembe wa mzalishaji mmoja mmoja. Dalmatian huzaliwa mweupe kabisa, na madoa hutokeza baada ya wiki ya kwanza na kuendelea. Wachache huzaliwa tayari wakiwa na baka kubwa lenye rangi, mara nyingi sikioni au kwenye jicho. Baka hilo ni dalili kwamba seli za rangi zimefika kichwani, na utafiti umeonyesha kwamba Dalmatian wenye baka huwa viziwi kwa nadra kuliko wenzao. Hata hivyo, katika maonyesho ya mbwa baka ni kasoro, na Marekani humwondoa mbwa mashindanoni moja kwa moja. Maana yake ni kwamba kwa vizazi vingi watu wamekuwa wakiwaweka kando mbwa ambao masikio yao yana nafasi kubwa ya kuwa mazima, kwa sababu ya urembo wa madoa. Macho ya bluu nayo, ambayo ni dalili ya upungufu wa seli za rangi na huambatana na uziwi mara nyingi zaidi, yanakubalika katika sifa za Dalmatian huko Marekani, wakati Uingereza hayakubaliki. Tofauti hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini uziwi kwa Dalmatian wa Uingereza ni mdogo kuliko kwa wa Marekani.

Bull Terrier anafundisha jambo hilo hilo. James Hinks wa Birmingham alipomtengeneza mbwa huyu katika miaka ya 1860, alimtaka awe mweupe pe, na weupe huo ukawa ndiyo fahari yake. Leo, kati ya Bull Terrier weupe 100 waliopimwa Marekani, takriban 20 wana uziwi wa sikio moja au yote mawili, ilhali kwa wale wenye rangi hata 2 hawafiki. Ni mbwa wale wale, kwa umbo na kwa tabia. Kilichotofautiana ni rangi iliyofika kichwani.

Naishia hapa kwa sasa. Karibuni kwa maswali na kwa masahihisho.

Kijana wa Kigamboni

Shikamooni wakubwa. Ndugu mwanzisha uzi, nimeyasoma maelezo yako yote na yamenipa hofu. Nina German Shepherd jike, mweupe kuanzia pua hadi mkia, nami nilikusudia kumpandisha mwaka huu. Je, naye yumo katika hatari hiyo? Na swali la pili, naomba unisamehe kama ni la kitoto: kama kukosa rangi kunaleta uziwi, mbona ndugu zetu wenye ualbino wanasikia vizuri kabisa?

Mfugaji wa Tengeru

Marahaba. Maswali yako mawili kwa kweli ni swali moja, nalo si la kitoto hata kidogo.

Mtazame jike wako puani, kwenye kingo za macho na kwenye midomo. Kama ni German Shepherd mweupe wa kawaida, sehemu hizo zitakuwa nyeusi, na macho yake yatakuwa ya kahawia. Maana yake seli za rangi zipo mwilini mwote, ila kwenye manyoya zinatengeneza rangi hafifu mno inayoonekana kama nyeupe. Sikioni nako zipo na zinafanya kazi yake. Ndivyo ilivyo pia kwa Samoyed, kwa West Highland White Terrier na kwa mbwa wengi wadogo weupe. Uziwi wa weupe haumhusu jike wako. Mpime nyonga kabla ya kumpandisha, kwa sababu huko ndiko German Shepherd anakoumia.

Kuhusu watu wenye ualbino, hali yao ni ya namna hiyo hiyo kwa upande wa seli: melanosaiti zipo, zimefika kila mahali, lakini hazina uwezo wa kutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, ya kutosha. Ngozi inakosa kinga dhidi ya jua na macho yanaathirika, lakini utando wa sikio la ndani unahitaji seli zenyewe ziwepo, wala hauhitaji rangi zinayoitengeneza. Kwa binadamu, hali inayofanana na ya Dalmatian ni nyingine kabisa, nayo ilielezwa mwaka 1951 na daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Johannes Waardenburg: watu wanaozaliwa na shungi jeupe juu ya paji la uso, wengine wakiwa na macho ya bluu iliyokolea, na baadhi yao wakiwa viziwi. Kwao seli zenyewe ndizo zilizokosekana katika sehemu hizo.

Mzee wa Mikindu

Ndugu mwanzisha uzi, naheshimu utafiti wako, lakini naomba niweke pingamizi. Mimi nilipandisha Dalmatian wawili walioletwa kutoka nje, wote wakiwa na vyeti vya kipimo hicho cha BAER, wote wakisikia kwa masikio mawili. Katika uzao wao alitokea kiziwi kamili. Sasa niambie, fedha nilizolipia mbwa wenye vyeti zilinisaidia nini? Naanza kuamini kwamba vipimo hivi ni biashara ya wazungu, na kwamba uziwi ni bahati ya mtu.

Mfugaji wa Tengeru

Mzee wangu, pingamizi lako ni la haki, na ni vema limetoka kwa mtu aliyelipia vyeti hivyo kwa fedha zake. Yaliyokupata yanatokea hata kwa wazalishaji waangalifu kuliko wote. Uziwi huu haurithiwi kwa jeni moja ambayo unaweza kusema mzazi anayo au hana. Jeni za weupe zinahusika, lakini kuna nyingine nyingi zinazoamua kama seli zitafika sikioni, na hadi leo hakuna kipimo cha vinasaba cha kumwambia mwenye Dalmatian kwamba mbwa wake amesalimika. Wazazi wawili wanaosikia wanaweza kuwa wamebeba sehemu ya jeni hizo, zikakutana kwa mtoto.

Linganisha na tatizo jingine la Dalmatian hao hao. Dalmatian wote wa ukoo safi walikuwa na kasoro ya jeni moja iliyowafanya watoe asidi ya yuriki nyingi kwenye mkojo, na wengine wakaziba njia ya mkojo kwa mawe. Mwaka 1973 Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian na Pointer, mbwa asiye na kasoro hiyo, kisha watoto wakarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, kila mara wakichaguliwa wale waliorithi jeni nzima. Chama cha mbwa cha Marekani kilikuja kuwakubali katika daftari lake mwaka 2011. Jeni ni moja, kipimo kipo, tatizo lina ufumbuzi hata kama ubishi wa watu ulichukua miaka zaidi ya 30. Uziwi hauna njia fupi ya namna hiyo. Kilichobaki ni kupunguza hatari, uzao baada ya uzao, kwa kuwaondoa katika uzalishaji viziwi wa sikio moja, wenye macho ya bluu, na wazazi waliokwisha kutoa viziwi wengi. Uingereza, ambako Dalmatian wamepimwa kwa wingi tangu miaka ya 1990, idadi ya viziwi imepungua, na imepungua kwa njia hiyo ya polepole.

Kwa hiyo cheti hakikukuahidi uzao usio na kiziwi. Kilikupunguzia hatari, na sasa kuna taarifa mpya ambayo cheti hakikuwa nayo, nayo ni huyo mtoto. Je, wale ndugu zake uliwapima? Ikiwa hukuwapima, basi inawezekana kabisa kwamba miongoni mwao wamo wa sikio moja ambao sasa wako kwa watu, wakisubiri kupandishwa.

Mzee wa Mikindu

Sikuwapima. Wote waliitika kwa kupigiwa makofi, nikaridhika. Wawili najua waliko, nitawaandikia wenyewe leo.

Mama Neema, Moshi

Habari zenu. Mimi nina mbwa kiziwi kamili, mchanganyiko, mweupe mwenye doa moja kwenye mkia. Nilipewa na jirani aliyekuwa anahama. Watoto wangu wanampenda sana, lakini mdogo wangu alimwamsha ghafla akang'atwa mkono, na sasa nyumba nzima inanishauri nimtoe. Je, mbwa huyu ni hatari?

Daktari wa Mifugo, Nakuru

Mama Neema, pole kwa mdogo wako. Natumaini alioshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni na akapelekwa hospitali mara moja, kwa kuwa kila jeraha la mbwa huchukuliwa kwa uzito wa kichaa cha mbwa hadi ithibitike vinginevyo, na chanjo ya mbwa wako iwe imekamilika.

Mbwa kiziwi si mkali kwa asili. Ameguswa akiwa usingizini bila kupata onyo lolote, naye amejibu kabla hajajua ni nani. Jambo hilo linafundishika. Anza akiwa macho: mguse begani kwa upole, na papo hapo mpe kipande cha nyama. Rudia kila siku, kila mara mahali pale pale begani, mpaka mguso huo uwe kwake ni habari njema. Baadaye mguse akiwa amesinzia, kisha akiwa amelala, na nyama iwe mbele ya pua kabla hajafungua macho. Kila anayeishi humo ndani afundishwe kugusa hapo tu. Mtu mgeni asimwamshe kabisa. Akanyage sakafu kwa kishindo kutoka mbali, naye atausikia mtikisiko kwa miguu.

Amri zote zinawezekana kwa ishara za mkono. Chagueni ishara chache zilizo wazi, zinazofanywa kwa mkono mmoja, na wote nyumbani watumie zile zile, kwa maana mbwa huchanganyikiwa baba akitumia hii na watoto wakitumia ile. Usiku, washa na uzime taa ya kibarazani kumwita. Usimfungulie barabarani bila kamba hata siku moja, kwa sababu hatasikia pikipiki. Na akiwa hajahasiwa, mletee daktari amhasi.

Kijana wa Kigamboni

Daktari, nimesoma mahali kwamba wazalishaji wa nje huwaua watoto viziwi kwa sindano. Je, ni kweli, na je, ni sahihi?

Daktari wa Mifugo, Nakuru

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wazalishaji wengi wa Dalmatian walishauriwa kufanya hivyo kwa viziwi wa masikio yote mawili, kwa hoja kwamba maisha yao yatakuwa ya mateso na kwamba wanaweza kuuma. Nitasema ninachokiamini, hata kama wengine hawatakubaliana nami. Kwetu mbwa wengi hununuliwa kwa ajili ya ulinzi, hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku, na mafunzo kama niliyomweleza Mama Neema hawayapati. Nimewapokea viziwi waliogongwa na magari katika nyua zao wenyewe, dereva akirudi nyuma akidhani mbwa atasogea. Mzalishaji asiye na mahali salama pa kumpeleka mtoto kiziwi, na ambaye anajua ataishia kwenye nyumba ya namna hiyo, sitamhukumu akichagua kifo kisicho na maumivu.

Mfugaji wa Tengeru

Daktari, hapo tunaachana, na nasema hivyo nikiiheshimu kazi yako. Hoja yako inamweka mzalishaji mwishoni mwa safari, wakati mtoto ameshazaliwa, na kumuuliza atafanya nini sasa. Mimi nataka aulizwe mwanzoni. Anayepandisha mbwa wa jamii ambayo uziwi unajulikana amekubali tangu siku hiyo kwamba anaweza kumpata kiziwi, na ni lazima awe ameandaa mahali pa kumtunza mwenyewe au mtu wa kumpa ambaye anaijua hali yake. Kama hana, asipandishe. Sindano ikiwa ndiyo njia rahisi ya kutokea, mzalishaji hana sababu ya kubadilisha wazazi, kwa kuwa kosa lake linafukiwa kabla mnunuzi hajaliona.

Na kuna uziwi mwingine ambao hauna hata utetezi wa bahati. Nimeona matangazo ya mbwa wenye rangi inayoitwa merle, ile ya kijivu au kahawia iliyopauka yenye mapande meusi yasiyo na mpangilio, ambayo imekuwa ya fasheni. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2006. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni hiyo mara nyingi hana shida. Ukimpandisha merle na merle, kwa wastani robo ya watoto watapata nakala mbili, na hao huzaliwa na weupe mwingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kati ya mbwa wenye nakala mbili, asilimia 15 walikuwa viziwi kabisa na asilimia 10 viziwi wa sikio moja, na kwa wenye nakala moja idadi hizo zilikuwa chini ya asilimia 1 na chini ya asilimia 3. Wengine huzaliwa na macho madogo yaliyodumaa, wasione. Tangu mwaka 2013, chama cha mbwa cha Uingereza hakisajili watoto wa wazazi wawili wa merle. Hapa jeni ni moja na kipimo chake cha vinasaba kipo. Anayempandisha merle na merle anajua anachokifanya, na kama hajui, hajastahili kumshika mbwa wa kuzalisha.

Daktari wa Mifugo, Nakuru

Kuhusu merle nakubaliana nawe bila sharti lolote. Kuhusu sindano, nimekuelewa, ila nitabaki na msimamo wangu kwa ajili ya wale niliowapokea mezani.

Mzee wa Mikindu

Nirudi kwa mwanzisha uzi. Huku niliko sijapata kliniki yenye mashine hiyo. Mzalishaji wa kijijini afanye nini?

Mfugaji wa Tengeru

Mzee, bila mashine huwezi kumtambua wa sikio moja kwa uhakika, na hilo lisemwe wazi kwa kila mnunuzi. Lakini kiziwi kamili unaweza kumgundua nyumbani, ukiwa mwangalifu kuliko kupiga makofi. Makofi yanatikisa hewa, na mtoto kiziwi huwafuata ndugu zake: wenzake wakigeuka naye anageuka. Mtenge peke yake, mwache asinzie, simama nyuma yake mahali asipoweza kukuona wala kuhisi hatua zako, kisha tikisa funguo au piga mluzi. Fanya hivyo baada ya kutimiza wiki 5, na kwa siku tofauti, kwa sababu mtoto aliyechoka anaweza kuupuuza mlio. Dalili nyingine ni yule anayeendelea kulala wenzake wakikimbilia chakula mpaka mmoja amkanyage, na yule anayeuma kwa nguvu wakicheza kwa kuwa hasikii kilio cha mwenzake.

Kisha anza daftari. Kila uzao uandikwe wazazi, tarehe, idadi ya watoto, rangi ya macho ya kila mmoja, mwenye baka na asiye na baka, aliyeshukiwa uziwi, na nani alimchukua. Dalmatian au Bull Terrier mweupe mwenye jicho la bluu, hata moja, asipandishwe. Mwenye baka, ambaye maonyesho yanamkataa, mimi namchukua kwa mikono miwili kama mzazi, kwa kuwa huku kwetu tunafuga mbwa wa kuishi nao na hatuna sababu ya kuendelea na kosa la watu wa mashindano. Mtoto anayeshukiwa auzwe au atolewe akiwa amehasiwa, na hali yake iandikwe kwenye karatasi wanayosaini pande zote mbili.

Nakala ya ukurasa huo apewe kila anayemchukua mtoto wa uzao huo, na kabla ya wote apewe mwenye dume. Jike atazaa mara chache katika maisha yake na mwenyewe anayaona matokeo. Dume mmoja anayesifiwa anaweza kupandishwa kwa majike ya miji mingi, na mwenye dume akishapokea malipo yake haambiwi kilichozaliwa. Akiletewa kurasa tatu kutoka kwa majike matatu tofauti, zote zikiwa na kiziwi, atajua kwamba dume wake apumzishwe.